Picha za setelaiti zinaonyesha machimbo ya makaa ya mawe yameua msitu. Nimezisoma sawasawa?

MzingaWaSikonge #1

Mwangaluka wakuu.

Niko Sikonge, mkoani Tabora, kazi yangu ni nyuki. Wiki mbili zilizopita, kwenye kikao cha chama chetu cha msingi, wakulima wa tumbaku walileta hoja ya kuni za mabani, yaani majengo ya kukaushia tumbaku. Mtu sasa anakodi trekta kwenda mbali kufuata miti ambayo baba yake aliikata nyuma ya nyumba. Mmoja akasimama akasema Zimbabwe wakulima wakubwa wanakaushia tumbaku kwa makaa ya mawe ya Hwange, kwa nini sisi tusiletewe ya Ruvuma au ya Rukwa, miombo ikapumua? Ukumbi mzima ukapiga makofi. Nami nilipiga, maana kila mtundu (mti wetu wa miombo) unaoangushwa ni chakula cha nyuki wangu kimeondoka.

Nilipofika nyumbani nikakosa raha. Huko yanakochimbwa, miti iko salama? Tusije tukaponya Sikonge kwa kuitia kidonda Mbinga huko Ruvuma. Kijana wangu akanifungulia picha za setelaiti za Sentinel-2, ni za bure kwa yeyote mwenye intaneti. Tukatafuta mgodi mmoja wa shimo la wazi huko Ruvuma, jina nitaliacha. Picha ya kwanza ni ya Aprili 2017, ya pili Septemba 2023. Aprili, pembeni mwa shimo ni kijani kitupu. Septemba ni kahawia mpaka ukingo wa picha, na upande wa kusini magharibi kuna doa jeusi ambalo nalikadiria ekari 30.

Mimi nasema machimbo yameua msitu, na hilo doa ni makaa yaliyomwagwa nje ya eneo lao. Wenye kuzijua picha hizi nisahihisheni kabla sijasimama kwenye kikao kijacho.

DadaIsevya #2

Uzi mzuri. Nimekaa hapa nasubiri wataalamu.

BaniLaUrambo #3

Nilikuwa kwenye kikao kama hicho upande wetu. Hoja ya makaa ya mawe naiunga mkono kwa asilimia zote. Bani langu moja kwa msimu linakula miti ambayo nikiitazama imelala chini naona aibu. Hayo ya Ruvuma wayaangalie wa Ruvuma.

FundiRamani #4

@MzingaWaSikonge, umelinganisha Aprili na Septemba. Tatizo linaanzia hapo, kabla hata ya kufika kwenye mgodi.

Setelaiti haioni msitu. Inaona mwanga unaorudi kutoka ardhini. Jani bichi linameza mwanga mwekundu ili lijitengenezee chakula, halafu linarudisha kwa wingi mwanga wa infraredi ambao jicho letu haliuoni. Chukua infraredi toa nyekundu, gawanya kwa jumla ya hizo mbili, unapata namba kati ya -1 na 1. Ndiyo NDVI wanayoisema kila mahali. Msitu uliojaa majani unaweza kufika 0.8, ardhi tupu inakaa chini ya 0.2. Sasa mtundu wa Septemba uliopukutisha majani, kwa setelaiti uko jirani na ardhi tupu, na mti ni mzima kabisa.

Fanya jaribio moja. Chukua miezi hiyohiyo, miaka hiyohiyo, kwenye pori lenu la Sikonge lisilo na mgodi wowote. Kisha urudi hapa utuambie nani kaliua.

MstaafuWaReli #5

Mwanangu wa mizinga, wewe ndiye wa kusahau kwamba miombo inapukutisha? Mimi nimepita njia ya Tabora na Urambo kwa miaka, ukiangalia dirishani mwezi wa nane unadhani nchi imekufa. Ukirudi mwishoni mwa Oktoba unaikuta imevaa nguo mpya.

Kijana_Gongoni #6

Ila mzee, setelaiti za siku hizi zinapita kila siku na zinaona mpaka chini ya ardhi. Hawawezi kukosa kujua mti uliokufa na uliolala.

FundiRamani #7

@Kijana_Gongoni hapana, yote mawili. Setelaiti moja ya Landsat, za Marekani, inarudi juu ya sehemu ileile kila baada ya siku 16. Zikiwa mbili, Landsat 8 na Landsat 9, ni siku 8. Sentinel-2 zikiwa mbili ni siku 5. Chini ya ardhi hazioni. Kuna rada, mfano Sentinel-1, inayopenya mawingu na inaweza kupima ardhi iliyodidimia kwa milimita, na huko India kwenye machimbo ya Jharia, ambako makaa yamekuwa yakiwaka chini kwa chini tangu 1916, picha za joto zinaonyesha sehemu moto ulipo. Lakini yote hayo yanasomwa juu ya uso wa ardhi. Mgodi wa mashimo ya chini kama Kiwira ni mgumu zaidi kuusoma kutoka juu kuliko wa shimo la wazi.

MzingaWaSikonge #8

Nimefanya jaribio la @FundiRamani na kijana wangu, tumekesha nalo.

Pori letu, Aprili kijani, Septemba kahawia ileile ya Mbinga. Kilichonishangaza ni mji wa Tabora. Septemba mitaa yenye miembe ya zamani imetoka kijani, na pori la hifadhi limetoka kahawia. Mtu asiyezijua nchi hizi angesema mjini ndiko kuna mazingira bora na porini kumeharibika. Mimi nalala chini ya miti hiyo kila Septemba nikisubiri majani yatoke mekundu kama shaba kabla tone la mvua halijadondoka, na bado skrini ilinifanya niamini vingine.

Kwa hiyo kahawia naifuta. Doa jeusi silifuti. Pori letu halina doa la namna ile.

BaniLaUrambo #9

Doa jeusi Septemba? Huo ni moto, mkuu. Watu wanachoma nyasi, wawindaji wanachoma, warina asali wasio makini nao wanachoma (wewe humo, najua). Angalia Kaliua na Urambo mwezi wa nane utaona madoa kama upele.

DerevaWaKusini #10

Nimezaliwa Nzega lakini mkate wangu uko barabarani, nabeba makaa ya mawe kutoka Mbinga kwenda bandari ya Mtwara. Biashara ilishika kasi mwaka 2022, vita ya Urusi na Ukraine ilipofanya nje wayatafute kwa nguvu. Kwa hiyo naongea kitu ninachokiona.

Moto upo, sikatai. Lakini vumbi la makaa siyo hadithi. Simama kwenye njia ya changarawe wanayopita malori, chuma jani la mwembe, pitisha kidole. Kidole kinatoka cheusi kama umeshika sufuria, na pale kilipopita panabaki mstari wa kijani. Jani limefunikwa mpaka kwenye kikonyo. Mvua ikinyesha linasafishika, wiki ya pili ya jua limerudi vilevile. Hilo doa naona ni vumbi na marundo.

DadaIsevya #11

Jani kama hilo setelaiti inalionaje? Linahesabika kijani au halihesabiki?

FundiRamani #12

Swali zuri sana, dada. Vumbi linapunguza infraredi inayorudi, kwa hiyo NDVI inashuka ingawa mti una majani yake yote. Ndiyo maana kando ya barabara za migodi mara nyingi unaona ukanda uliofifia. Shida ni ukubwa wa pikseli, yaani kipande kidogo kabisa cha picha. Ya Landsat ni mita 30 kwa 30, chini kidogo ya robo ekari. Ya Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10. Ndani ya kipande hicho kuna barabara, mtaro, nyasi na huo mwembe, vyote vinachanganywa kuwa namba moja.

Kwa sababu hiyo watu wanaopima ubora wa mazingira kwenye machimbo ya makaa hawategemei kijani peke yake. Kuna kielezo kilichopendekezwa na Xu Hanqiu wa China mwaka 2013 kinachounganisha vitu vinne: kijani, unyevu, ukavu wa ardhi iliyo wazi au iliyojengwa, na joto la uso wa ardhi. Kompyuta inatafuta mwelekeo mmoja unaobeba tofauti kubwa kuliko zote ndani ya vile vinne, halafu kila pikseli inapewa alama kati ya 0 na 1. Karibu na 1 ni pazuri. Pale shimo lilipo unategemea kijani kidogo, unyevu kidogo, ukavu mwingi na joto jingi, maana makaa meusi yanameza jua kama lami.

Tahadhari yangu kubwa: alama hizo zinatokana na picha yenyewe. Alama 0.6 ya picha moja siyo lazima iwe 0.6 ya picha nyingine. Nimeona watu wakitoa moja kwenye nyingine na kutangaza mazingira yameporomoka. Na maji lazima uyaondoe kwanza, ziwa au bwawa likibaki ndani linavuruga hesabu yote.

MstaafuWaReli #13

Nimeelewa nusu, lakini nusu niliyoielewa imenitosha. Endelea kufundisha, mwanangu.

MwanaUjiji #14

Huku Kigoma picha hizi hatuzisomi kama ngeni. Taasisi ya Jane Goodall ililinganisha picha za Landsat za 1972 na 1999 pembeni mwa Gombe, na ilionekana wazi milima ya nje ya hifadhi ilivyovuliwa miti wakati ndani imebaki. Hapakuwa na mgodi wala makaa ya mawe, ni mashamba, kuni na watu kuongezeka. Baadaye wakakaa na vijiji, wakaweka picha kubwa mezani, wazee wakaonyesha kwa kidole: hapa chanzo cha maji, hapa kaburi la babu, hapa pasilimwe. Mipango ya matumizi ya ardhi ikatoka pale. Hifadhi yenyewe ilikuwepo tangu 1960.

MamaKalinzi #15

@MwanaUjiji rekebisha kidogo, kaka yangu. 1960 ni mwaka alioingia Jane Goodall kwa ajili ya sokwe. Gombe kuwa Hifadhi ya Taifa ni 1968.

MwanaUjiji #16

Nimepokea, dada. Asante.

MamaKalinzi #17

Sasa niseme langu, kwa sababu mimi nimeolewa Kigoma ila nimekulia Umatengoni, Mbinga.

@MzingaWaSikonge unaita msitu, una hakika palikuwa msitu? Kwetu milima inalimwa ngolo. Tunakata majani, tunayapanga kama miraba, tunayafukia, katikati linabaki shimo la kushika maji. Mlima mzima unaonekana kama sega la nyuki, wewe ungependa kuuona. Machi na Aprili kuna maharage, kijani. Mahindi yakishavunwa, Septemba mlima uko wazi kabisa. Kati ya ngolo kuna kahawa. Hesabu yenu ya ukavu itaweka ngolo ya mama yangu kapu moja na kifusi cha mgodi.

Na kuna kitu hakuna aliyekitaja. Maji. Mawe yanayotoka pamoja na makaa yakiwa na salfa, yakikutana na hewa na mvua yanatoa tindikali. Kijito kikiharibika, mwanamke wa kwanza kuteka ndiye anajua, ladha inabadilika na mawe yanashika rangi ya kutu. Kijito chenye upana wa hatua mbili, kwenye pikseli ya mita 10 kitaonekana wapi?

FundiRamani #18

Hakitaonekana, mama. Mto mkubwa wenye tope unaonekana, Malagarasi ukiingia Ziwa Tanganyika msimu wa mvua unaona tope lake linavyofunguka kama feni. Lakini tindikali kwenye kijito inapimwa kwa kuchota. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya mradi, na vipimo vya maji vya kabla ya kuchimba ndivyo vya kuulizia. Na la ngolo umenipa kitu ambacho sikukifikiria.

Kijana_Gongoni #19

Mwana Ujiji, tukizungumzia ziwa, ni kweli lilipanda mpaka likala nyumba?

MwanaUjiji #20

Kweli kabisa. Kibirizi kuna sehemu tulikuwa tunaanika dagaa, maji yakaja yakakaa. Kupanda huko nako kunapimwa na setelaiti, kuna zinazopima kimo cha maji. Njoo ule mgebuka uone mwenyewe, ninyi mmezoea asali tu.

BaniLaUrambo #21

Turudi kwenye doa. Nasisitiza moto.

FundiRamani #22

Linaweza kutenganishwa. Moto unaacha doa linalotokea ghafla, na mvua za kwanza zikinyesha nyasi changa zinalifuta. Rundo la makaa liko pale mwaka mzima. Pia angalieni kwenye infraredi ya mawimbi mafupi: ardhi iliyoungua inarudisha mwanga mwingi zaidi pale, makaa ya mawe yanabaki meusi karibu kwenye kila wimbi. Mkuu, tafuta picha ya Februari.

MzingaWaSikonge #23

Februari zote ni mawingu. Tumepitia mwaka baada ya mwaka, pamba tupu. Ya karibu iliyo safi ni Mei 2023. Doa lipo, lakini limebaki kama nusu. Hiyo nusu iliyoongezeka Septemba nakubali inaweza kuwa moto. Nusu ya Mei ni nini?

DerevaWaKusini #24

Makaa. Nilishasema.

BaniLaUrambo #25

Au bwawa. Maji ya kina nayo ni meusi kwenye picha.

FundiRamani #26

Kuna la tatu. Umesema liko kusini magharibi mwa shimo. Sentinel-2 inapita kwetu takriban saa tano asubuhi. Mei jua liko kaskazini mashariki wakati huo, kivuli kinaangukia kusini magharibi. Kama pana kilima cha kifusi kirefu, unaangalia kivuli chake. Bwawa nalo siwezi kulikataa, lipime kwa kielezo cha maji. Mtu akija na picha mbili za siku mbili akasema "ni hiki", mimi simwamini, hata akiwa profesa.

DadaIsevya #27

Kwa hiyo tuna moto, vumbi, marundo, bwawa, kivuli na ngolo. Sita. Je, kuna njia ya kumkamata mgodi mwenyewe ndani ya hayo yote?

FundiRamani #28

Unachagua eneo jingine la kufanana, udongo uleule, mwinuko uleule, kilimo kilekile, liwe mbali na mgodi. Mwezi mmoja, miaka mingi, kabla na baada. Yote mawili yakishuka pamoja, ni ukame au ni watu kuongezeka. La mgodi likishuka peke yake, hapo una neno. Makaa ya Ngaka, huko Mbinga, yalianza kuchimbwa 2011, kwa hiyo Sentinel-2 ya 2015 imechelewa, lazima urudi Landsat. Huko nako Landsat 7 ina michirizi tangu Mei 2003 kwa sababu kifaa chake kimoja kilikufa, na picha za miaka ya 1980 na 1990 kwa upande wetu ni chache.

MamaKalinzi #29

Na mgodi ukifunga wakapanda nyasi au mikaratusi, picha itasema kumepona. Kijani kimerudi, mzambarau wa mtoni haujarudi.

MzingaWaSikonge #30

Hili ndilo linaniuma kuliko yote. Hata kwetu, Januari shamba la tumbaku lililofyekwa msituni ni kijani kibichi kabisa. Namba inapanda. Nyuki wangu hana pa kwenda, na namba inapanda.

BaniLaUrambo #31

Sasa tufanye nini na mabani? Nikisubiri ninyi mmalize vivuli, mtundu wa mwisho nitakuwa nimeukata mimi. Kuna mabani ya kisasa yanayokula kuni chache, niliona kwa jirani, lakini ujenzi wake unahitaji fedha. Na makaa kutoka Mbinga mpaka Urambo, nauli peke yake itamla mkulima mdogo.

DerevaWaKusini #32

Nauli hiyo ni kweli, siwezi kukudanganya kwa sababu ni kazi yangu.

Wakuu, juzi nilipita huko nikasimamisha lori, nikatembea mpaka sehemu anayoielezea ndugu wa Sikonge, upande wa nje kwenye njia ya wanakijiji. Nusu ya mbali ni nyasi zilizoungua, visiki vya nyasi bado vinachoma unyayo. Karibu na shimo kuna kilima cha kifusi cha kijivu, na chini yake maji yametuama, rangi ya chai ya rangi. Sikuyagusa. Majani ya miti ya pembeni yana vumbi, ila siyo meusi kama ya barabarani, ni ya kijivu. Kwa hiyo kila mmoja wenu ana kipande chake pale.

FundiRamani #33

Asante sana, hiyo safari ina thamani kuliko ramani zangu kumi. Hayo maji yalikuwepo Mei, au yamekuja na mvua za juzi? Kuna mtu wa kijiji wa kumuuliza?

MamaKalinzi #34

Na yanaelekea wapi? Kama yanateremka kwenye kijito, nataka kujua wanaoteka ni wa kijiji gani. Nina ndugu kule.

MzingaWaSikonge #35

Kikao kimesogezwa mpaka mwisho wa mwezi. @DerevaWaKusini ukipita tena nitumie picha ya jani moja, upande wa juu na upande wa chini, usilifute.